Muulize Mzee wa Kalavati: Kifusi cha kila mwaka, tuta la usiku na senti za LUKU

Vuli imepiga hodi na barua zimemiminika kama dagaa wa Feri. Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa fundi sanifu wa barabara kwa miaka 31, nimekula vumbi la greda kutoka Lindi hadi Biharamulo, na sasa nimestaafu, naishi Mtoni Kijichi na goti linalonitangazia mvua kabla ya redio. Mimi si mwanasheria. Nikikwambia nenda kwa mwanasheria, nenda.

Shikamoo Mzee. Mtaa wetu una barabara inayotoka kwenye njia ya daladala mpaka shule ya msingi. Mwaka jana kila nyumba ilichanga 10,000, tukanunua malori sita ya kifusi. Masika ikaja, kifusi chote kikaishia mlangoni kwa watu wa chini. Sasa mwenyekiti anataka tuchange tena. Juu ya hayo, jirani mmoja amejenga uzio na mtaro wetu umeishia hapo hapo kwenye ukuta wake. Tuchange au tukatae? Na barabara hii ni ya nani hasa? (Mama wa watatu, Kiburugwa)

Marahaba, mama. Msichange. Yaani msichange kwanza.

Hebu niambie, hicho kifusi kilishindiliwa na nini? Nadhani najua: lori lilimwaga mafungu, vijana wakayasambaza kwa sepeto, magari yakapita siku mbili tatu, mkasema imekaa. Haikuwa imekaa. Udongo wenu wa Kiburugwa ni mchanga, na una mteremko. Kifusi kikilazwa juu yake bila kumwagiwa maji kidogo na kupitishiwa rola, kinabaki kama unga juu ya meza. Kikohozi tu kinatosha.

Lakini rola nalo halitoshi kama barabara yenyewe haina mgongo. Barabara ya udongo inatakiwa iwe juu katikati na ishuke pande zote mbili, kama sentimita 5 kwa kila mita moja. Za mitaani nyingi ni kinyume, zimebonyea katikati kama sinia la pilau. Maji yakiingia hapo hayana pa kutokea, yanafuata barabara yenyewe mpaka chini. Barabara inageuka mtaro, na mtaro wenyewe umekaa pembeni mkavu, umejaa chupa za plastiki. Vijana wangu kazini nilikuwa nawaambia watazame barabara wakati mvua inanyesha. Hawakupenda, viatu vyao vilikuwa vipya. Ila dakika kumi za kusimama na mwavuli pale kwenu zitakufundisha kuliko mimi: angalia maji yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi, yanasimama wapi. Chora kwenye karatasi. Karatasi hiyo tutaihitaji.

Sasa, ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Barabara ya Kilwa mnayotokea hapo Mbagala ni ya kwao. Za wilaya na za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanza 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri. TANROADS wana kama kilomita 36,000 za kutunza. TARURA wana zaidi ya 140,000. Ukizijua hesabu hizo unajua kwa nini foleni ni ndefu, na unajua pia kwa nini anayekaa kimya hafikiwi.

Pesa zinatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye tozo ya mafuta. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo mama, ukipanda bodaboda kwenda Rangi Tatu kununua samaki, umeshachanga. Ndiyo maana nasema msianze na mfuko wenu.

Anzeni na swali moja ambalo watu wengi hawaliulizi: je, barabara yenu imo kwenye orodha? Si kila njia inayopitika ni barabara kwenye vitabu. Kuna njia zimezaliwa tu, watu walipima viwanja kwa hatua za miguu, wakaachiana upenyo, gari likapita, jina likapatikana. Kama haijaingizwa kwenye mtandao wa barabara, hata meneja wa TARURA mwenye roho ya malaika hana kifungu cha kuitolea fedha. Nendeni ofisi ya TARURA ya wilaya mkaulize. Kama haimo, ombi lenu la kwanza liwe iingizwe, kabla ya kuomba greda.

Kisha mkutano wa mtaa. Muhtasari uandikwe, watu wasaini, mtendaji agonge mhuri, barua ipite kwa mtendaji wa kata na diwani aione, iingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Msiandike "barabara yetu ni mbovu sana". Mbovu ziko nyingi. Andikeni urefu wake kwa mita, upana kati ya uzio na uzio, kwamba inaenda shuleni, maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi (ile karatasi yako), na picha tatu zilizopigwa wakati wa mvua. Na angalieni kalenda. Mwaka wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake inapikwa tangu miezi hii ya vuli. Watu huandika barua Mei, nyumba zikiwa zimejaa maji, wakati bajeti imeshafungwa. Ninyi andikeni sasa.

Kuhusu jirani na uzio wake. Mpelekeeni kwanza mtu anayemheshimu, siyo mgambo. Mwambieni hamtaki abomoe, mnataka apitishe kalavati, yaani bomba la kupitisha maji, chini ya ukuta. Hilo ni jambo la mafundi wawili na siku tatu. Na lisiwe bomba la sentimita 60 kwa sababu ni rahisi. La sentimita 90 mtu anaingia ameinama na sepeto akalizibua, la 60 likijaa mchanga ndiyo basi. Akikataa, mtendaji wa kata anayo nguvu ya sheria, maana hakuna mwenye ruhusa ya kuziba njia ya maji ya wote.

Na mkishaamua kuchanga, maana najua mtachanga, pesa iende kwenye makalavati na kuchimba mtaro. Kifusi kiwe cha mwisho. Risiti zitunzwe na hesabu isomwe kwenye mkutano, kwa sauti, mbele ya waliochanga.

Usidhani nasema haya kwa kuwa sijawahi kukosea. Nikiwa na miaka 26, chuo kimenitoka juzi, nilisimamia ulazaji wa kalavati kwenye mji mmoja wa kusini. Nilisoma vipimo vyangu kichwa chini, mdomo wa kutokea ukawa juu ya mdomo wa kuingilia kwa vidole vinne. Mvua ya kwanza maji yakarudi nyuma yakaingia kwa mama mmoja muuza maandazi, yakalowesha unga wake gunia zima. Hakunitukana. Alinipa sufuria, akaniambia nianze na chumba cha watoto. Nilikumba maji mpaka adhuhuri nikiwa nimevaa kofia yangu ya kazi, na wapita njia wakisimama kutazama. Unga niliulipa kwa mshahara wangu wa mwezi ule. Kalavati tulilifukua na kulilaza upya.

Mzee, mimi ni mpangaji Manzese, nyumba ina vyumba sita na mita moja ya umeme. Kila mwezi mtu wa kwanza kununua LUKU anakatwa kodi ya jengo. Mwenye nyumba anasema hayamhusu, anayetumia umeme ndiye alipe. Ni kweli? (Mpangaji aliyechoka kuwa wa kwanza)

Si kweli, kijana wangu, na nadhani mwenye nyumba wako anajua. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ilihamishiwa kwenye LUKU mwaka 2021 kwa sababu ni rahisi kukusanya, umeme kila mtu ananunua. Mita haijui nani ana hati, inakata anayekuja na pesa. Wakati ule ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa kwa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Na mkikaa miezi miwili bila kununua umeme, deni linawasubiri mlangoni, linakatwa lote kwa pamoja.

Haki yako ni kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya pango. Tunza ujumbe wa muamala, unaonyesha wazi kiasi kilichokatwa. Siku ya kulipa pango, mwonyeshe, toa hesabu. Wengi hukubali wakiona karatasi. Wanachokataa ni maneno.

Sasa niseme la pembeni. Shilingi 1,500 gawanya kwa vyumba sita ni 250. Kitumbua kimoja na nusu. Nimewahi kuishi nyumba ya namna hiyo Temeke enzi za ujana na najua ugomvi wenu hauko kwenye 250. Uko kwa yule wa chumba cha nne mwenye friji, na yule anayepiga pasi nguo za wateja usiku. Kodi ya jengo ni kisingizio tu cha kulianzisha. Wekeni daftari la kununua umeme kwa zamu, kodi ikatwe kwa zamu hiyo hiyo, na mwisho wa mwaka yule mwenye nyumba adaiwe 18,000 yake yote kwa mkupuo mmoja. Ni kiasi kinachotosha kumfanya akae kuongea.

Kama nyumba moja ina mita mbili au tatu, kila moja itakatwa mpaka mwenye nyumba aende kurekebisha taarifa ibaki moja. Hilo hawezi kukutuma wewe, taarifa za jengo ni zake. Na kama ana miaka 60 na zaidi, kuna msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini hiyo ya kukupangisha wewe ni hadithi nyingine.

Babu, watoto wetu wanavuka barabara kwenda madrasa na bodaboda zinapita kama risasi. Wiki iliyopita vijana wa mtaa walimwaga zege usiku wakatengeneza tuta. Siku ya pili mwendesha bodaboda alianguka akavunjika bega. Nani wa kulaumiwa? (Baba wa Yombo)

Pole kwa bega la watu. Vijana wenu walikuwa na nia njema na zege baya.

Tuta si donge. Lina upana wake, linapanda taratibu na kushuka taratibu, lina rangi, na lina kibao mbele yake kinachokuonya. Donge la zege la usiku, bila rangi, katika mtaa usio na taa, ni mtego. Tena ni kosa: kujenga chochote juu ya barabara bila kibali kumekatazwa, na yule mwenye bega akiamua kudai, atawadai waliomwaga zege.

Lisawazisheni wiki hii. Kisha andikeni ombi la tuta na kivuko cha pundamilia, mkiambatanisha idadi ya watoto na saa wanazovuka, lipite kwa mtendaji kwenda kwa wenye barabara, na nakala iende kwa askari wa usalama barabarani. Wakati mnasubiri, mzazi mmoja asimame pale kwa zamu na bendera nyekundu saa nane na saa kumi. Kuna wazee wamestaafu hapo Yombo wanakaa barazani wanacheza bao saa hizo hizo. Waombeni. Mimi mwenyewe ningekubali kama goti lingekubali.

Mzee Kalavati, nauza matunda Magomeni na mzigo natoa Kariakoo. Miaka yote mvua kubwa ikinyesha Jangwani panafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, nalala na matunda yameoza. Wahandisi walivyojenga hawakuuona mto? (Muuza matunda, Magomeni Mapipa)

Waliuona, mama yangu. Mto ndio umebadilika.

Mto Msimbazi unatoka kwenye vilima vya Pugu kule upande wa Kisarawe, unapita nyuma ya Ukonga, Vingunguti, Kigogo, unapokea vijito vingine kama Sinza, halafu unatawanyika Jangwani kabla ya kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Kule juu mji umejaa. Kila paa la bati na kila ua uliowekwa zege ni maji ambayo zamani yangezama ardhini taratibu na sasa yanafika mtoni ndani ya saa moja. Na hayaji peke yake, yanakuja na mchanga wa vilima vilivyokatwa, pamoja na taka zetu. Jangwani ni tambarare. Maji yakifika tambarare yanachoka, yanautua mzigo. Mwaka hadi mwaka sakafu ya mto imepanda, na uwazi chini ya daraja umepungua mpaka maji yakaona njia rahisi ni kupita juu ya lami.

Kuna jingine ambalo watu wa bara hamlihesabu. Bahari. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya bahari yamejaa yanasukuma kuingia wakati maji ya mto yanataka kutoka. Hapo bonde lote linakuwa beseni. Muulize mvuvi yeyote wa Feri lini bamvua, kisha angalia utabiri wa mvua. Siku hizo mbili zikigongana, toa mzigo wako jana yake.

Desemba 2011 ndiyo ilituonyesha. Watu zaidi ya 40 walifariki mjini humu, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Baadhi walirudi Jangwani baadaye. Nimesikia wakiitwa wabishi. Sikubali neno hilo kirahisi: ukimtoa mtu anayeishi kwa kuuza chai Kariakoo ukampeleka kilomita zaidi ya thelathini, nauli yake ya kwenda na kurudi inakula chai yote.

Dawa iliyobuniwa sasa ni daraja jipya la mita 390 lililoinuliwa, na mradi wa bonde zima kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kuchimba na kupanua mto, kuhamisha karakana ya mabasi kutoka pale, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ambayo maji yataruhusiwa kuifunika. Napenda hilo la mwisho. Ubuni wa zamani ulitaka kuyafukuza maji, huu unayatengea chumba. Ila nikiwa mtu wa kazi nakwambia, daraja lolote utakalojenga pale, mchanga wa Pugu usipozuiwa juu, siku moja mtu mwingine atapokea barua kama yako.

Nimepata nyumba ya kununua Mbezi, pembeni kabisa ya barabara ya lami, bei ni nusu ya zile za ndani. Ukutani kuna alama imepakwa rangi juu, muuzaji anasema ilikuwa X ya zamani, ile ya kubomolewa, na imeshafutwa na serikali. Ninunue? (Mwalimu, Kibamba)

Mwalimu, usinunue. Nenda jioni jua likiwa linazama, simama pembeni ya ukuta uutazame kwa ubavu. X itajitokeza chini ya rangi. Serikali ikiondoa alama inaacha barua, haiachi ndoo ya rangi.

Nikueleze rangi zenyewe. Zamani hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 22.5 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 ikawa mita 30. Hapo ndipo zilipokuja X mbili: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya zile 22.5, anayebomolewa bila fidia kwa kuwa alivamia. Na ya kijani kwa aliyeko kati ya 22.5 na 30, ambaye barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili kulipwa eneo likitakiwa. Kwa hiyo hata ya kijani, ukinunua unanunua foleni ya fidia.

Lakini kwenu huko ni kugumu zaidi. Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, ina hesabu yake ya siku nyingi: mita 121.5 kila upande. Ndiyo iliyotumika 2017 nyumba zilipobomolewa kuanzia Kimara kwenda Kibaha, na zilikuwemo nyumba za maana, za matofali na vigae, zenye watu waliozaa na kuzeeka ndani yake, wengine wana karatasi za serikali ya mtaa zenye mihuri. Nilipita wiki ile kwenye basi. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kochi lake katikati ya kifusi, amevaa kanzu ya Ijumaa, anakunywa chai. Sijamsahau.

Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mliuziana. Hauthibitishi kwamba kinachouzwa kinauzika. Chukua futi ya mita 50, anzia katikati ya barabara (na mtu wa kukulinda na magari), pima. Kisha nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi wa kiwanja, na kwa wenye barabara uulize kwa maandishi. Muuzaji akikuharakisha, akasema kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu, mwache huyo mteja mwingine anunue.

Mzee, naona aibu kuuliza. Jirani yetu wa juu kila mvua kubwa inapokuja anatapisha choo. Uchafu unashuka uani kwetu, na nina mtoto wa miezi saba. Tukisema, anasema hana hela ya gari la kunyonya na hata likija halipiti uchochoroni. (Dada wa Vingunguti)

Aibu ni ya kwake, si yako. Tena umefanya vizuri kuandika, maana hili watu hulijua mji mzima na hulizungumza kwa kunong'ona. Kipindupindu kilichoanza Kinondoni Agosti 2015 na kusambaa nchini hakikushuka kutoka mawinguni.

Mtoto kwanza. Maji yote anayotumia yachemshwe, na uani asitambae baada ya mvua mpaka mmwage klorini au chokaa. Weka tofali na simenti mstari mmoja upande wa juu wa ua, hata la kimo cha goti, ili maji machafu yageuze njia.

Kisha afisa afya wa kata. Kutapisha choo ni kosa, sheria ya afya ya jamii ipo na sheria ndogo za manispaa zipo, na faini inatozwa. Lakini kwa kuwa mtaendelea kuishi naye baada ya faini, mpe njia kabla ya kumpa adhabu. Hoja yake kwamba gari halipiti ni ya kweli kwa Vingunguti. Ila kuna vikundi vinavyonyonya vyoo kwa pampu ya mkono na kubeba kwa pikipiki ya matairi matatu yenye tangi, vinaingia uchochoro ambao bajaji inashindwa. Afisa afya anavijua. Nyumba tatu nne mkikubaliana kunyonya siku moja bei inashuka. Na fanyeni kiangazi, choo kikiwa nusu. Kikishajaa maji ya mvua, mnalipia kubeba maji ya mvua.

Akikataa hata hapo, piga picha ya huo uchafu, mwite afisa. Hapo hutakuwa umemwonea.

Mwisho, habari kutoka kwa msomaji wa zamani. Mtakumbuka yule baba wa Mtoni Mtongani aliyeandika Juni kwamba kalavati la mtaani kwao limeziba na maji yanarudi msikitini. Nilimwambia wasisubiri mtu, wakodi vijana wanne, waanzie mdomo wa chini wakipanda juu, kamwe wasianzie juu. Ameniandikia kwamba walimaliza kwa siku mbili na jana mvua ilinyesha saa nzima, mkeka wa msikiti ukabaki mkavu. Ameniorodheshea walichokuta ndani: godoro la futi tatu, tairi la bajaji, viti viwili vya plastiki, chandarua, viroba vya nepi visivyohesabika, na sufuria kubwa la pilau lenye jina limechongwa kwa msumari kwenye mkono wake. Mwenye sufuria alijitokeza kabla hawajamaliza kuliosha. Godoro halijapata mwenyewe.